Neva za mguu kuanzia kifundo kwenda chini, mlizisomaje mpaka zikakaa kichwani?

mwanafizio_mpya:
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nasoma fiziotherapia na sasa tumefika mguu, mifupa nimeielewa, misuli nayo inaenda japo ile ya unyayo ina tabaka 4 na majina marefu, ila neva (mishipa ya fahamu) ndo zimenikwamisha. Nikifungua atlasi naona mistari ya njano imetapakaa kila upande, nikifunga kitabu sikumbuki ipi inapita mbele ya kifundo na ipi nyuma, ipi imezaliwa na ipi, alafu kuna planta ya ndani planta ya nje, fibula ya juujuu fibula ya ndani kabisa, sura, safena, yani majina yanafanana mpaka yanachosha. Na ramani za ngozi kila kitabu kinachora kivyake, kimoja kinasema sehemu hii ni ya neva hii kingine kinasogeza mpaka.

Mimi nataka kuelewa kabisa, mtihani utapita lakini hawa wagonjwa nitawashika miaka yote. Mtu atakuja kisigino kinawaka moto, mwingine vidole vina ganzi, mwingine hawezi kunyanyua mguu anauburuza, sasa kama sijui ni neva gani nitakuwa nakanda tu. Mliopita huku mlianzia wapi? Na zile L4, L5, S1, yani mizizi ya neva inayotoka uti wa mgongo, nizisome pamoja na majina ya neva au ni mada mbili tofauti? Naombeni msaada wa kina jamani.

Neva_Tano:
Karibu mkuu. Ushauri wangu usianze na atlasi, anza na kifundo chako mwenyewe. Vua kiatu, kaa, mguu mmoja uweke juu ya goti la mwingine. Kwenye kifundo zinapita neva 5 tu kuingia kwenye mguu, hizo ukizijua hayo mengine yote ni matawi yake. Ndo hizihizi wenzetu wa usingizi wanazozichoma ganzi wakitaka mguu usihisi kitu wakati wa upasuaji, tano basi.

Weka kidole nyuma ya ile nundu ya ndani ya kifundo, kati yake na kano ya Akile, tafuta mapigo. Umeyapata? Hiyo ni ateri ya tibia ya nyuma, na neva ya tibia iko hapohapo inalala nyuma kidogo ya ateri. Sasa hamia juu ya mguu, nyanyua kidole gumba uone kano yake inavyosimama, kando yake upande wa nje kuna mapigo mengine, na hapo ndo inapita fibula ya ndani kabisa. Kwaiyo shika hili, neva mbili zinazopita ndani zaidi kila moja inatembea na ateri, ukigusa mapigo umeshafika mtaani kwake.

Zilizobaki 3 ziko juujuu chini ya ngozi tu. Safena inapita MBELE ya nundu ya ndani ikiongozana na ile vena kubwa ya safena ambayo wengi inaonekana kwa macho ukisimama. Sura inapita NYUMA ya nundu ya nje ikiongozana na vena ndogo ya safena. Ya mwisho ni fibula ya juujuu, hii inashuka mbele upande wa nje na inajigawa matawi kusambaa juu ya mguu.

Fanya zoezi hili la kugusa ukiwa umefumba macho kabla hujalala, taja jina unapogusa. Ni bora mara mia kuliko kutazama picha.

Mama_Anatomia:
Neva_Tano amekuanzisha vizuri mwanangu lakini mimi nikifundisha siachi hapo kwenye kifundo, maana mwanafunzi akijua tano bila kujua zimetoka wapi akikutana na mgonjwa aliyeumia gotini anapotea. Fuata kila neva toka juu mpaka kwenye ngozi, kama mtu anavyofuata mto na vijito vyake, usiruke hatua.

Anza kwenye tako. Neva ya siatiki inakusanya L4 mpaka S3, inashuka nyuma ya paja, na karibu na nyuma ya goti inagawanyika mbili, tibia na fibula ya pamoja (vitabu vya zamani vinaiita peronio, ni ileile). Tibia inaendelea kunyooka katikati, inapita ndani chini ya misuli ya shavu la mguu mpaka nyuma ya nundu ya ndani. Fibula ya pamoja inakata kwenda upande wa nje, inazunguka shingo ya mfupa wa fibula, na hapa nataka usimame kidogo. Tafuta kile kichwa cha fibula upande wa nje chini ya goti, shuka kidogo, bonyeza ukisogeza kidole mbele na nyuma, utahisi kitu kama uzi kinateleza juu ya mfupa. Ndo yenyewe. Haina nyama ya kuilinda, ngozi na mfupa basi, ndo maana plasta ngumu iliyobana, kuvunjika shingo ya fibula, kuchuchumaa muda mrefu, hata kukunja nne kwa mtu aliyekonda sana vinaweza kuiumiza.

Ikishazunguka inagawanyika. Ile ya ndani kabisa inaingia sehemu ya mbele ya muundi, inalisha misuli ya kunyanyua mguu na vidole, inashuka mpaka juu ya mguu inalisha ekstensa dijitoramu brevisi na ekstensa halusisi brevisi (misuli mifupi ya kunyanyua vidole), na ngozi inayobaki kwake ni kipande kidogo tu kati ya kidole gumba na cha pili. Ile ya juujuu inalisha misuli miwili ya upande wa nje inayogeuza unyayo utazame nje, alafu kwenye theluthi ya chini ya muundi inatoboa utando na kuja chini ya ngozi, inalisha ngozi ya karibu mgongo wote wa mguu (upande wa juu) ukiacha kile kipande nilichosema na ukingo wa nje.

Na hii wanafunzi wangu huwa wanaipenda. Elekeza mguu chini, ugeuze kidogo kwa ndani, alafu kunja kidole cha nne kwenda chini. Kwa watu wengi utaona uzi umejitokeza chini ya ngozi juu ya mguu upande wa nje, hiyo siyo kano wala vena, ni tawi la fibula ya juujuu. Ni neva chache sana mwilini unaweza kuziona kwa macho bila kisu.

Sura inachangiwa na tawi la tibia na tawi la fibula ya pamoja, yani wote wawili wamechanga. Inakwenda ukingo wa nje wa mguu mpaka kidole kidogo. Ni ya hisi tu, ndo maana madaktari wakihitaji kipande cha neva cha kupandikiza kwingine au cha kupima mara nyingi wanachukua hii, mgonjwa anabaki na ganzi kidogo ukingoni lakini anatembea vizuri. Na safena ndo pekee isiyotoka kwenye siatiki, hii ni mtoto wa neva ya femo (ile ya mbele ya paja), L3 na L4, imeshuka toka kwenye paja mpaka ukingo wa ndani wa mguu. Kwaiyo mtu siatiki yake ikikatika yote, mguu mzima chini ya goti utakosa hisi isipokuwa upande huo wa ndani.

mwanafizio_mpya:
Mama asante sana, nimejaribu ya kidole cha nne nimeuona ule uzi aisee! Nilikuwa najua ni kano siku zote. Ya juu ya mguu sasa naiona ila chini ya unyayo bado ni giza, hizo planta mbili zinagawanaje? Na pale nyuma ya nundu ya ndani kuna vitu vingi vimepangana, mnakumbukaje mpangilio?

Mama_Anatomia:
Mpangilio pale toka mbele kwenda nyuma ni kano ya tibialisi ya nyuma, kano ya dijitoramu (ya kukunja vidole), ateri, vena, neva, alafu kano ya halusisi (ya kukunja kidole gumba). Mimi nawafundisha "Twende Dada Asha, Vaa Ndala Haraka". T, D, A, V, N, H. Wote hao wanapita chini ya utando mmoja unaotoka kwenye nundu kwenda kisiginoni, njia hiyo ndo inaitwa handaki la taso, na neva ikibanwa humo mtu anasikia kuwaka na kuchomachoma unyayoni, ukigonga kwa kidole nyuma ya nundu anaruka anasema imepiga mpaka chini.

Hapohapo ndani ya handaki au karibu yake tibia inatoa matawi ya kisigino, alafu inajigawa planta ya ndani na planta ya nje. Sasa nikuulize, mkono ulishasoma? Kama ndiyo una nusu ya kazi. Planta ya ndani inafanya unyayoni kile neva ya mediani inafanya kiganjani, ngozi ya vidole vitatu na nusu kuanzia gumba. Planta ya nje ni kama neva ya alna ya mkono, kidole kimoja na nusu kuanzia kile kidogo. Misuli, planta ya ndani ina 4 tu, abdakta halusisi, fleksa dijitoramu brevisi, fleksa halusisi brevisi na lumbrikali (msuli mwembamba wa kidole) ya kwanza. Iliyobaki YOTE ya unyayo ni ya planta ya nje. Usihangaike kukariri iliyobaki, kariri hiyo minne. Tofauti moja na mkono ni kwamba mediani ina lumbrikali 2, planta ya ndani ina moja tu.

Na zile tabaka 4 za misuli zitakusaidia hapa, shina za planta zote mbili zinapita kati ya tabaka la kwanza na la pili. Planta ya nje ikifika upande wa nje inatoa tawi la ndani zaidi ambalo linarudi kukatiza unyayo kati ya tabaka la tatu na la nne, kulisha misuli midogo kati ya mifupa. Chora hilo kwa mkono wako kwenye karatasi, usinakili, chora toka kichwani alafu ndo ufungue kitabu usahihishe.

mpoza_miguu:
Nawaheshimu waliotangulia ila mimi niko kliniki na kwa uzoefu wangu kitu kinachogandisha neva kichwani ni malalamiko ya mgonjwa. Kila neva ifunge na mtu mmoja mwenye shida moja, bila hivo utasahau ndani ya muda mfupi baada ya mtihani. Uliuliza kisigino, vidole, na kuburuza mguu, twende nazo.

Kisigino. Ngozi ya chini ya kisigino na upande wa ndani ni matawi ya kisigino ya tibia, yakiumia mtu anakuwa na ganzi ya ngozi. Lakini kuna tawi la kwanza la planta ya nje, wengi wanaliita neva ya Baxter, linapita kati ya misuli ya abdakta halusisi na kwadratusi planta likikatiza mbele ya kisigino kwenda kulisha msuli wa kidole kidogo. Likibanwa kisigino kinauma hasa, mara nyingi watu wanadhani ni utando wa unyayo, wanatibiwa huo miezi, haiponi. Hili tawi halina ngozi ya maana, kwaiyo ngozi inahisi kawaida, ila mwambie mgonjwa atanue kidole kidogo kwenda nje, alinganishe na mguu wa pili. Si wote wanaweza hata wakiwa wazima, ndo maana linganisha.

Vidole. Mtu anasema nikivaa kiatu chembamba mbele nasikia kama nimekanyaga kokoto, alafu umeme unapiga vidole viwili, nikivua nikasugua inapoa. Bonyeza kati ya kidole cha 3 na cha 4, hapo ndo penyewe mara nyingi. Inaitwa neuroma ya Morton japo si uvimbe wa saratani wala nini, ni utando unaozunguka neva umekuwa mnene kwa kubanwabanwa. Ona sasa na anatomia yake, nafasi hiyo ndo mpaka wa planta ya ndani na ya nje, kwa watu wengi kuna kiunganishi kati ya hizo mbili hapohapo. Mwingine atakwambia ganzi ni kati ya gumba na cha pili tu, juu, muulize anakazaje kamba za viatu, maana fibula ya ndani kabisa inabanwa juu ya mguu pale fundo la kamba linapokaa.

Lakini nikuombe jambo moja kwa msisitizo, ganzi ya vidole vyote vya miguu yote miwili inayopanda taratibu mpaka kifundoni kama soksi USIITAFUTIE neva moja. Hiyo haifuati ramani ya neva yoyote. Hapo nyuzi ndefu zaidi mwilini ndo zimeanza kufa toka ncha zake, na kisukari ndo cha kwanza kukifikiria. Mpime kwa uzi wa gramu 10 (uzi wa plastiki wa kupimia hisi ya kugusa) na uma wa mtetemo wa 128 Hz kwenye kidole gumba, angalia unyayo wote kama kuna kidonda ambacho hajui anacho, na apimwe sukari. Nimeona watu wanafika na msumari umeingia mguuni na wanatembea nao. Na ukoma pia usiusahau, unapenda neva ya fibula ya pamoja pale shingo ya fibula na ya tibia pale nyuma ya nundu, neva inakuwa nene unaishika kwa kidole.

mwanafizio_mpya:
Daktari hapo kwenye Baxter umenifungua macho. Sasa ile ya kuburuza mguu, mtu hawezi kunyanyua, nitajuaje tatizo ni pale shingo ya fibula au ni mgongoni kwenye diski? Na hapo ndo L5 inaingia si ndiyo?

mpoza_miguu:
Swali zuri na ndo jibu la swali lako la mwanzo kuhusu L4 L5 S1. Si mada mbili, ni nyuzi zilezile ila zimefungwa mafungu tofauti. Mgongoni zimefungwa kwa mizizi, mguuni zimefungwa kwa neva. Mzizi wa L5 ukishuka nyuzi zake zinagawanyika, nyingine zinaingia neva ya fibula, nyingine zinaingia neva ya tibia. Kwaiyo mzizi ukiumia misuli ya neva zote mbili inadhoofika, neva moja ikiumia ni ya kwake tu.

Sasa mgonjwa wako. Wote wawili, wa mgongo na wa fibula, watashindwa kunyanyua mguu na kidole gumba. Mwambie ageuze unyayo utazame NDANI, huku umemshikia mguu ukiwa umeelekea chini kidogo ili asisaidiwe na tibialisi ya mbele. Kazi hiyo anaifanya tibialisi ya nyuma, anapata L5 lakini kupitia neva ya tibia. Akiwa na nguvu kamili, fikiria shingo ya fibula. Akiwa dhaifu, panda juu, fikiria mzizi wa L5 au siatiki yenyewe. Alafu mlaze ubavu anyanyue paja zima kwenda pembeni, gluteasi midiasi (msuli wa pembeni ya nyonga) naye ni L5 hasa na hana uhusiano wowote na fibula, akidhoofika hapo ujue ni juu kabisa, mgongoni. Refleksi ya kano ya Akile ni S1, inaweza kubaki sawa kwa wote wawili hao, ila ikipotea pamoja na kuburuza mguu waza siatiki au mizizi zaidi ya mmoja.

Sindano za tako nazo zikichomwa pasipostahili zinapiga siatiki, na mara nyingi upande wa fibula ndo unaoumia zaidi. Watoto wanabaki wanaburuza mguu maisha. Mahali salama ni robo ya juu ya nje au upande wa nyonga, hii hata kama wewe si mchoma sindano ijue.

Neva_Tano:
Hapo kwenye tibialisi ya nyuma mpoza_miguu amekupa dhahabu, andika.

Niongeze kuhusu ngozi ya mizizi, weka alama 3 tu. L4 nundu ya ndani ya kifundo, L5 mgongo wa mguu kwenye kifundo cha kidole cha 3, S1 upande wa nje wa kisigino. Hizo ndo sehemu za kupima. Usijaribu kuchora mipaka yote.

mwanafizio_mpya:
Na hiyo mipaka ndo swali langu lililobaki, mbona kila kitabu kinachora tofauti? Nikipima mgonjwa nimwamini mchoraji yupi?

Mama_Anatomia:
Usimwamini yeyote kwa mstari wenyewe mwanangu. Neva za jirani zinaingiliana ngozi, na watu hatufanani. Safena kwa mmoja inaishia katikati ya mguu, kwa mwingine inafika mpaka kwenye kifundo cha kidole gumba. Sura kwa mmoja inashika kidole kidogo tu, kwa mwingine inaingia na cha nne na fibula ya juujuu inarudi nyuma, alafu kwa wengine ule mchango wa fibula kwenye sura haupo kabisa. Hata neva za unyayo zinapanda kwenye ncha za vidole mpaka chini ya kucha, kwaiyo "juu" na "chini" si ukuta.

Unachofanya ni kupima kiini, pale ambapo jirani hafiki. Fibula ya ndani kabisa, pima kile kipande kati ya gumba na cha pili. Fibula ya juujuu, katikati ya mgongo wa mguu. Sura, ukingo wa nje chini ya nundu ya nje. Safena, juu kidogo ya nundu ya ndani na mbele yake. Tibia, unyayo, na humo ndani planta ya ndani ipime chini ya kidole gumba, planta ya nje chini ya kidole kidogo, kisigino peke yake. Tumia pamba na kitu chenye ncha isiyotoboa, mgonjwa afumbe macho, anza sehemu yenye ganzi utoke nje kuelekea nzima, akwambie "hapa" ikibadilika, tia alama kwa kalamu, rudia toka pande zote. Ukimaliza kuunganisha alama utakuwa na ramani ya mgonjwa huyo, na ndo ya kuandika kwenye faili ili akirudi upime tena uone imepungua au imepanuka. Neva inayoota upya inakwenda kama milimita 1 kwa siku, kwaiyo iliyoumia pale shingo ya fibula usitegemee ngozi ya vidole ibadilike mwezi wa kwanza, anza kutafuta dalili kwenye misuli ya muundi iliyo karibu.